Nawal El Saadawi asomwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu waandishi wa Afrika ilimgusia Nawal El Saadawi wa Misri kwa sentensi moja tu. Daktari huyu, aliyezaliwa 1931 kijijini Kafr Tahla, alikeketwa utotoni, akaja kuupinga ukeketaji hadharani hadi akapoteza kazi yake Wizara ya Afya. Mwaka 1981 alifungwa. Gerezani akaandika kwa penseli ya wanja kwenye karatasi za chooni. Sentensi moja haimtoshi!

Ukeketaji ungalipo Kenya na Tanzania licha ya sheria. Nawaomba wachapishaji wetu wawatafute watafsiri wanaokijua Kiarabu, na Zanzibar na Mombasa wapo, ili vitabu vyake vifike kwa Kiswahili kwenye maktaba za sekondari.

Msomaji wenu,
Tanga