Yah: Kutozwa Mafuta ya CVT kwenye Hilux ya Dizeli Isiyo na CVT

Meneja,
Idara ya Mauzo na Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kwenye yadi yenu Hilux dabo kebini toleo la 2018, iliyotumika Japani, injini ya dizeli 2GD-FTV ya lita 2.4, gia otomatiki. Mwezi uliopita nililileta gari gerejini kwenu kwa sevisi ya gia boksi, na kwenye ankara pamoja na risiti ya EFD mmeandika: mafuta ya CVT, lita 8, Sh 260,000. Nimeambatanisha nakala za vyote viwili.

Gari hili halina CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Hakuna Hilux ya dizeli iliyotoka kiwandani na CVT. Kwa hiyo yamebaki mawili, na sioni la kheri kati yake: ama mlimimina kweli mafuta ya CVT kwenye gia boksi isiyoyahitaji, ama mlimimina mafuta yanayotakiwa kisha mkanitoza bidhaa ambayo hamkunipa. Nataka mniambie ni lipi, kwa maandishi.

Nasisitiza maandishi kwa sababu simu nimeshapiga. Kijana wa mapokezi alinijibu kwa upole kabisa, "Mzee, oto zote za siku hizi ni CVT, usiwe na wasiwasi." Wasiwasi ndipo ulipoanza. Huyo simlaumu sana, amerudia anachosikia hapo ofisini. Tangazo lenu la magari haya nalo linasema hivyo hivyo, "Hilux dizeli CVT", na nilipolisoma mara ya kwanza nililichukulia kuwa mbwembwe za wauzaji. Mbwembwe zikifika kwenye ankara ya gereji zinakuwa jambo jingine.

Mafundi wenu wanalijua hili, lakini acha niliandike ili lisibaki la kubishania. CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili ambazo kuta zake husogeleana na kuachana, na katikati yake kuna mkanda wa chuma au mnyororo. Puli moja ikibana nyingine inaachia, na uwiano wa mwendo unabadilika taratibu bila kuruka hatua. Mafuta yake yametengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza. Ndiyo mnayoyakuta kwenye Vitz, kwenye Passo, kwenye X-Trail nyingi za petroli zinazojaa hapo yadini. Hilux yangu ina gia sita, toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi), na pleti za klachi zinazobanwa na kuachiwa kwa presha ya mafuta. Kiwanda kinataka iwekwe Toyota ATF WS, mafuta ya otomatiki ya gia za hatua. Mafuta hayo yana kazi tofauti: pleti ishike kwa kiasi chake na kwa wakati wake, isiwahi wala isichelewe. Namba ya fremu mnayo. Iingizeni kwenye katalogi ya vipuri mtaona wenyewe.

Wala si kwa bahati kwamba watengenezaji wa pikapu hawakuweka mkanda hapo. Injini hii inatoa nguvu ya kuzungusha (toki) ya Nm 400, tena ikiwa chini, kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 kwa dakika. Weka mzigo nyuma, panda mlima, halafu mkanda uubane kwa nguvu ya kutosha usiteleze, siku nzima, kwenye joto. Sisemi dizeli na CVT haviwezi kukaa pamoja. Ulaya Nissan waliuza X-Trail ya dizeli ya lita 1.6 yenye CVT, ila hiyo ilikuwa na Nm 320, na ilisukumwa na magurudumu mawili tu. Aliyetaka injini hiyo kwenye magurudumu manne alipewa gia za mkono. Matrekta ya Fendt nayo yana Vario tangu miaka ya tisini, lakini pale kazi inafanywa na pampu na mota za haidroliki, hakuna mkanda. Nayataja haya msije mkanijibu kwa kunitajia hayo.

Sasa hali ya gari. Nauza pampu za umwagiliaji na mabomba kwa wakulima wa Iringa na Njombe, kwa hiyo mlima wa Kitonga kwangu ni njia ya kazini. Kabla ya sevisi yenu gari lilikuwa linapanda bila shida. Tangu nilipolichukua kwenu linatetemeka kwenye mwendo wa wastani, kama linapita juu ya rasta wakati lami ni laini. Pale Kitonga, likiwa na mzigo, mizunguko ya injini inapanda lakini gari halivuti, na nikifika juu nasikia harufu ya mafuta yaliyoungua. Fundi wa Iringa alifungua bolti ya kupimia (gia boksi hii haina dipstiki, na sijui kama kwenu hilo lilizingatiwa) akaniambia mafuta si mekundu. Rangi peke yake si ushahidi, kila kampuni hutia rangi inayoitaka, ndiyo maana tumehifadhi kidogo kwenye chupa safi kwa ajili ya kupimwa.

Kuna na lita 8 zenyewe. Ukifungua bolti ya chini tu hazitoki lita 8, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta hubaki kwenye toki konveta na kwenye kipoza mafuta. Ankara haionyeshi kazi ya mashine ya kusafishia. Basi hizo lita nyingine ziliingia wapi?

Ninachotaka ni hiki. Mnijibu ndani ya siku 14 mkitaja aina na chapa ya mafuta mliyoweka. Mafuta yote yatolewe kwa mashine, sampu (bakuli la mafuta chini ya gia boksi) ifunguliwe fundi wangu akiwepo ili tuone sumaku zimekamata nini, chujio libadilishwe, kisha iwekwe ATF WS kutoka kopo litakalofunguliwa mbele yetu, kwa gharama zenu. Fedha nilizotozwa kwa mafuta ya CVT zirudishwe. Gia boksi nipewe dhamana ya maandishi ya miezi 12, na pleti zikikutwa zimeungua, matengenezo ni yenu. Na lile tangazo mlirekebishe, maana mnunuzi mwingine atalisoma, atakwenda dukani mwenyewe kununua mafuta ya CVT, na hatakuwa na ankara ya kumshitaki mtu.

Muda huo ukipita bila jibu nitapeleka barua hii na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa.

Gari nimeliegesha. Mizigo ya wateja inakwenda kwa gari la kukodi, na risiti za kukodi ninazitunza ili ziingie kwenye hesabu yetu.

Wenu,

Mteja, mwenye gari
Viambatanisho: nakala ya ankara, nakala ya risiti ya EFD, picha ya tangazo