Asiklovia ni moja, dozi si moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo kuhusu asiklovia, dawa ambayo kwenye boksi huandikwa Aciclovir au Acyclovir, na ambayo siku hizi inanunuliwa kaunta kama panadol. Dawa yenyewe ni nzuri. Kasoro iko kwenye uuzaji. Mtu anafika dukani na malengelenge, anapewa pakiti moja ya vidonge kumi, anaambiwa anywe kimoja mara tatu, basi. Hakuna aliyemuuliza malengelenge yako wapi, yameanza lini, wala kama figo zake ni nzima.

Asiklovia hutibu malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, hutibu pia mkanda wa jeshi, lakini kirusi cha mkanda wa jeshi ni sugu zaidi kwake na kinahitaji dawa nyingi zaidi kwenye damu. Kwa mtu mzima, malengelenge ya sehemu za siri yanayomtokea kwa mara ya kwanza hutibiwa kwa miligramu 400 mara tatu kwa siku, siku 7 hadi 10. Yakirudi, kiwango ni hicho hicho kwa siku 5, na faida huonekana zaidi akianza siku ile ile anaposikia pale mahali panawasha au panachoma, kabla hata lengelenge halijajitokeza. Akisubiri mpaka vidonda vianze kukauka, anatumia pesa kutibu kitu ambacho mwili umeshamaliza.

Mkanda wa jeshi ni hesabu nyingine kabisa: miligramu 800, mara tano kwa siku, siku 7. Kwa vidonge vya 200 hivyo ni vinne kila mara, ishirini kwa siku, 140 kwa dozi nzima. Vya 400 ni 70, vya 800 ni 35. Basi yule aliyepewa vidonge kumi vya 200 ameondoka na nusu ya dozi ya siku moja, na ameambiwa aitumie siku tatu. Akirudi analia maumivu, dawa ndiyo inayolaumiwa, anaandikiwa antibaotiki ambayo haigusi kirusi hata kidogo.

Mara tano kwa siku inasumbua, lakini ina sababu. Asiklovia ya kumeza hufyonzwa kidogo tu tumboni, na ile inayofika kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa tatu hivi. Ratiba rahisi ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, kisha mgonjwa alale. Chakula si kikwazo, ameze akiwa ameshiba au ana njaa. Akisahau, ameze akikumbuka, isipokuwa kama muda wa dozi inayofuata umekaribia. Asifidie kwa kumeza mara mbili. Anayeshindwa ratiba hiyo na ana uwezo aulizie valasiklovia, gramu 1 mara tatu kwa siku kwa siku 7. Ila asizichanganye: valasiklovia ikiingia mwilini hugeuka kuwa asiklovia hiyo hiyo, kwa hiyo atakuwa amejizidishia dozi.

Kwa mkanda wa jeshi, saa 72 za mwanzo tangu upele utokee ndizo za kukimbilia. Zikipita, bado dawa inafaa kama malengelenge mapya yanaendelea kutoka, kama uko usoni, au kama mgonjwa ana kinga dhaifu. Wapo wanaopaka GV, ile dawa ya maji ya zambarau, wakiamini kwamba mkanda ukizunguka ncha zikakutana mtu atakufa. Mkanda hufuata njia ya neva ya upande mmoja, ndiyo maana kwa kawaida huishia katikati ya mwili. Cha kuogopa ni lengelenge kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua: hapo jicho liko hatarini na mgonjwa aonwe na daktari wa macho siku hiyo hiyo. Krimu ya ngozi isiingizwe jichoni, na matone ya macho yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe inayopunguza kinga, yasinunuliwe kwa kubahatisha, kwa kuwa kirusi hiki kikishambulia kioo cha jicho steroidi hukipa nguvu. Vivyo hivyo zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa kila aina ya upele. Nyingi zina steroidi ndani.

Sasa figo. Asiklovia hutoka mwilini kwa mkojo, na mtu akiwa hana maji ya kutosha huganda kuwa fuwele ndani ya mirija ya figo na kuiziba. Asiyekatazwa maji na daktari anywe kama lita 2 kwa siku muda wote wa dozi. Anayetapika au kuharisha amwone mhudumu wa afya kabla ya kuendelea. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa: zile mara tano zinaweza kuwa tatu au hata mbili, na hilo huamuliwa kwa kipimo cha damu. Wazee nao wachunguzwe, maana figo huchoka kimya kimya. Kosa ninaloliona hatari zaidi ni kumpa mgonjwa huyo huyo diklofenaki kwa ajili ya maumivu. Nayo huibana figo. Aanze na parasetamo, na maumivu ya neva yakizidi daktari ana dawa zake, kama amitriptilini kidogo usiku. Anayetumia TLD, kidonge cha ARV chenye dawa tatu, aseme, kwa kuwa tenofovia iliyomo nayo hupitia kwenye figo, ila asiache ARV zake. Mkojo ukipungua ghafla, kiuno kikiuma, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, asimeze tena, apelekwe hospitali.

Kijana anayepata mkanda wa jeshi ashauriwe kupima VVU, bila kumhukumu. Na isidhaniwe kuwa asiklovia ni kinga ya VVU. Utafiti uliofanywa kaskazini-magharibi mwa Tanzania kwa wanawake wenye kirusi cha malengelenge ya siri, matokeo yakatolewa 2008, uliwapa miligramu 400 mara mbili kila siku na haukupunguza maambukizi mapya. Mwingine uliohusisha wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha mwaka 2010 kwamba vidonda vilipungua sana lakini VVU viliendelea kuambukizwa vile vile. Asiklovia haimalizi hata kirusi chenyewe cha malengelenge, ambacho hujificha kwenye neva mahali dawa isipokifikia. Kondomu bado inahitajika, na wakati wa vidonda ni kujizuia kabisa.

Mjamzito mwenye historia ya malengelenge ya siri amwambie mkunga mapema. Kuanzia wiki ya 36 anaweza kupewa miligramu 400 mara tatu kwa siku hadi ajifungue, na akiingia uchungu akiwa na vidonda hufanyiwa upasuaji ili mtoto asipite kwenye kirusi. Kwa kichanga ugonjwa huu huua.

Ombi langu kwa wenzetu wa kaunta ni dogo: andikeni kwenye bahasha jina la ugonjwa, miligramu za kidonge, idadi kwa kila mara na siku ngapi. Vidonda ambavyo havijaanza kupona baada ya siku 7 hadi 10 za dozi kamili virudi kwa daktari, kwa kuwa usugu upo, hasa kwa wenye kinga dhaifu. Na asiyeweza kulipia dozi nzima ya mkanda wa jeshi kwa mkupuo auziwe ya siku tatu kwa kiwango kamili, arudi kabla haijaisha. Asiambiwe aivute ile kidogo ifike siku saba.

Mfamasia,
Morogoro