Risala ya Wazazi na Wanafunzi wa Piano wa Walukuba, Jinja, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, mwenyeji wetu,
Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu,
Mchungaji na Sheikh mliotufungulia shughuli kwa dua,
Walimu wetu wa piano, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mliovalishwa soksi nyeupe tangu alfajiri:

Itifaki imezingatiwa. Karibuni sana Walukuba.

Mheshimiwa, umekuja kuwasikiliza watoto, na utawasikia baada ya muda mfupi. Lakini kamati imenituma mimi, katibu wao, nizungumzie zaidi wale wanaowafundisha. Mgeni akishapiga makofi huondoka na jina la mtoto aliyepiga vizuri. Mwalimu aliyesimama pembeni akihesabu kwa midomo hakuna anayemuuliza habari zake.

Kikundi chetu ni kidogo. Tunatumia chumba cha shule hii baada ya masomo, piano moja kuukuu ya kusimama na kibodi mbili. Tunafundishana kwa Kiswahili. Mtaa huu ulikaliwa na watu waliofuata kazi za viwandani na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Wazee wetu walitoka Busoga, Teso, Acholi, West Nile, wengine Kenya na Kongo, na ilibidi waelewane. Baraza la Mawaziri lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda, hapa hakuna aliyeshtuka.

Walimu wetu ni wanne, na hakuna wawili waliojifunza piano kwa njia moja.

Wa kwanza tunamwita Mzee. Alianzia kwenye kwaya ya kanisa akiwa mtoto wa sauti ya kwanza, na muziki wote aliupata kwa solfa: do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, bila ile mistari mitano. Mfumo huo ulienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakauleta huku, na hadi leo kwaya zetu nyingi huimba zikiwa na karatasi za solfa mkononi. Kutoka kwenye kwaya Mzee akapandishwa kwenye kinanda cha kukanyaga, kile ambacho miguu ndiyo inayosukuma upepo.

Historia hiyo utaiona kwenye vidole vya wanafunzi wake. Kinanda cha upepo kina tabia moja: ukiinua kidole, sauti imekwisha. Hakina pedali ya kurefusha sauti ikuokoe. Kwa hiyo Mzee humfundisha mtoto asiinue kidole kabla kingine hakijakaa. Mtazame mtoto wake akipiga tenzi: kidole cha nne kimebonyeza, kisha cha tano kinakuja taratibu kushika mahali pale pale bila sauti kukatika, ili cha nne kiwe huru kwenda mbele. Jambo hili hufanyika kwa kasi ambayo mzazi aliyekaa mstari wa tatu haioni, lakini analisikia.

Jambo la pili ni kuhamisha wimbo. Kwa mtu wa solfa, do iko popote pale ambapo waimbaji wanaifikia. Kama kanisa zima limeamka na mafua, Mzee husema neno moja tu, "Teremsha," na mtoto wa darasa la sita anaushusha wimbo kutoka F hadi D bila karatasi. Kibodi zetu zina kitufe cha kufanya kazi hiyo. Mzee amekibandika plasta.

Kasoro yake anaitaja mwenyewe. Kwenye kinanda cha upepo, hata ukibonyeza kwa ngumi, sauti haiongezeki. Piano ina nyundo zinazogonga nyaya, na namna kidole kinavyoshuka ndiyo inayoamua kama sauti itakuwa kubwa au ndogo. Wanafunzi wa Mzee hupiga kipande chote kwa sauti ile ile, kama tangazo la stendi ya mabasi. Hapo ndipo anapowapeleka kwa mwenzake.

Wa pili ni Afande. Alistaafu kutoka bendi ya jeshi, alikopiga tarumbeta kubwa za sauti nzito, na nota alizisoma huko, kwa Kiswahili cha kambini. Mtu wa besi huona muziki kutoka chini. Vitabu vingi vya kuanzia humpa mtoto wimbo mtamu kwenye mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unaletwa baadaye kama mgeni. Afande hugeuza: muhula wa kwanza mtoto anapiga mkono wa kushoto peke yake, na Afande anapiga mluzi wa wimbo huku akitembea chumbani. Kuna wazazi walilalamika kwamba mtoto wao anapiga "bum, bum" tu nyumbani. Waliacha kulalamika watoto wale walipounganisha mikono, kwa sababu mkono ulio mgumu kwa wengi ulikuwa tayari umeshazoea kazi.

Tena Afande hakubali mtoto asimame akikosea. Watoto wengi wakigonga nota mbaya hurudi nyuma kuirekebisha, na tabia hiyo ikishakomaa haitoki kirahisi. Yeye husema gwaride halisimami kwa sababu mmoja amekosea hatua. Onyesho la mwaka jana umeme ulikatika jioni katikati ya kipande (na bwawa liko hapo mtoni, mtu anaweza kwenda kulitazama likifua umeme), ukumbi ukawa giza kabisa. Mtoto wa Afande aliendelea kupiga hadi mwisho. Alikosea nota, ndiyo. Hakuacha.

Wa tatu ni Madam. Ana shahada ya muziki kutoka chuo kikuu, na huko alisoma piano pamoja na ngoma, endingidi (zeze la waya mmoja) na amadinda (marimba ya mbao). Nikiruhusiwa kutoa maoni yangu, anachokifanya na amadinda ndicho kitu cha akili zaidi kinachofanyika katika chumba chetu. Amadinda ya Kiganda ina vipande 12 vya mbao. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akiwa na upande wake. Mmoja anapiga mpigo wake, mwingine anaingiza wake katika nafasi zilizobaki kati ya nota za mwenzake. Kila mmoja ana kitu rahisi, lakini anayesikiliza anasikia wimbo mmoja unaokimbia ambao hakuna aliyeupiga peke yake.

Madam huanza hapo. Watoto wawili wanapiga hadi kila mmoja anaweza kushikilia wake bila kuvutwa na wa mwenzake. Kisha mmoja anaitwa kwenye piano, anaambiwa: mkono wako wa kulia ni wewe, wa kushoto ni mwenzako. Wanaomwona kwa mara ya kwanza hudhani anapoteza muda. Anachohamisha ni mpigo tu, si sauti zenyewe, maana amadinda huigawa oktavu, yaani safari ya do hadi do ya juu yake, katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na piano haina ngazi ya namna hiyo. Anawaeleza watoto hilo waziwazi, asije mtu akadhani kimoja kimetyuniwa vibaya.

Niseme pia, kwa wale wanaodhani muziki wa kuandikwa ni mali ya wageni: wimbo wa taifa tuliousimamia asubuhi hii ulitungwa na George Kakoma, mwalimu wa muziki. Na Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio, utungo mrefu wa kwaya wenye kusimulia, ya Mashahidi wa Uganda kwa sauti za Kiganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Madam huwataja hawa kabla ya kumtaja Mozart. Mzee naye huwataja wote kwa pamoja, kama majirani.

Wa nne ni kijana, na nitakuwa mfupi kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi maneno. Alijifunza kwa sikio katika kanisa la walokole, akifuata korasi na kutazama video kwenye simu. Kwake mtoto anarudi nyumbani siku ya kwanza akiwa na kodi tatu (sauti kadhaa zinazobonyezwa pamoja) na wimbo anaoweza kuwaimbisha wadogo zake. Vidole vya wanafunzi wake vinasikitisha na nota hawasomi. Lakini hawaachi. Walimu wengine watatu wanapoteza watoto kila muhula; kijana anaongeza.

Mheshimiwa, usidhani wameishi kwa amani tangu mwanzo. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya do. Mtoto akitoka kwa Mzee anasema do iko kwenye F leo. Akifika kwa Madam anaulizwa C iko wapi, anachanganyikiwa, analia. Walikaa, wakakubaliana: herufi ni majina ya vibonyezo na hazihami, do, re, mi ni majina ya nafasi ndani ya wimbo, nazo huhama. Ni makubaliano madogo, lakini tangu siku hiyo mtoto anaweza kufundishwa na wawili bila kuharibiwa. Sasa tunawazungusha: solfa na masikio kwa Mzee, mkono wa kushoto na mapigo kwa Afande, kusoma na mguso kwa Madam, na Ijumaa kwa kijana, ambayo watoto huiita siku ya sherehe.

Wazazi wenzangu, hapa naomba niwaseme kidogo mbele ya mgeni. Swali letu la kwanza kwa mwalimu ni, "Mwanangu yuko gredi ya ngapi?" Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London, ni mizuri, na Madam huwaandaa wanaoitaka. Lakini tazameni alama zake. Mtihani wa vitendo una alama 150, na kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 30 kila kimoja, jumla 90. Skeli, yaani ngazi za sauti, zina 21, kusoma nota papo hapo 21, mtihani wa kusikia 18. Kwa hiyo mtoto anayekaririshwa vipande vitatu mwaka mzima, hata akipewa alama zote za vipande, hajafaulu. Alama zinazombeba zinatoka kwenye masikio ya Mzee na mapigo ya Afande. Na anayetaka gredi ya 6 lazima awe amepita gredi ya 5 ya nadharia au mbadala wake unaokubalika. Tukimsukuma Madam awarushe watoto juu haraka, tunamlazimisha kufundisha vibaya.

Wengi wa watoto hawa hawana ala nyumbani. Madam amewachorea vibonyezo kwenye maboksi, oktavu moja sentimita 16 na nusu, sawa na piano yenyewe, ili kidole kikifika chumbani kisipotee. Boksi halitoi sauti, hivyo mtoto analazimika kuimba anachokibonyeza. Mzee anasema ndiyo ala bora tuliyonayo, nami sijui kama anatania.

Sasa nije kwenye matatizo. Piano yetu inakula unyevu wa ziwa. Nota nyingi zina nyaya tatu kila moja, jumla ya nyaya ni zaidi ya 200, na hewa ikibadilika kila waya unakaza au kulegea kwa namna yake. Fundi wa kuityuni hutoka Kampala, nauli na ujira wake vinamaliza michango ya muhula. Mchwa walishaanza mguu wa nyuma. Tumeuweka kwenye kopo la mafuta ya taa. Walimu wanapata nauli tu, na kijana hata hiyo huirudisha wakati mwingine.

Maombi yetu ni matatu.

La kwanza, utusaidie kumpeleka kijana mmoja wa hapa kwa fundi wa Kampala akajifunze kutyuni na kutengeneza piano. Tumeombewa kibodi mpya na watu wema, na tunashukuru, ila kibodi nyepesi ya vibonyezo 61 haimfundishi mtoto uzito wa nyundo. Piano tuliyo nayo inatosha ikipata mtu wa kuitunza. Fundi huyo akirudi atahudumia pia makanisa na shule za Jinja, na atajilipa mwenyewe.

La pili ni juu ya Afande na Mzee. Sera ya taifa ya walimu ya mwaka 2019 inataka mwalimu awe na shahada. Hatubishani nayo. Tunaomba utusemee kwa shule za wilaya ziwachukue watu wa namna hii kama wakufunzi wa klabu za muziki, kwa malipo yanayoandikwa kwenye vitabu vya shule, chini ya mwalimu mwenye shahada kama Madam. Madam mwenyewe ndiye aliyeniambia niliweke ombi hili, na alisema niliweke mbele ya lile la mshahara wake, ambalo kwa sababu hiyo sikuliandika.

La tatu, chumba hiki kiwe chetu hadi saa kumi na mbili jioni siku za shule. Mwalimu Mkuu amekubali kwa mdomo. Tungependa karatasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watakaopiga ni wanne, mmoja wa kila mwalimu kwa mwanzo wake, ingawa wote wamepita mikononi mwa wote. Wa mwisho hana karatasi mbele yake. Ukipenda, mtajie wimbo wowote wa tenzi au korasi unaoujua, naye atakuuliza uanzie sauti gani.

Tunaomba kuwasilisha.