Zebaki haipotei kwenye tangi la sainaidi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika aya ya mwisho. Hapo mwandishi anasema dawa ya tatizo la zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasia dhahabu, ni sainaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu: plenti, yaani mitambo ya kuchenjua kwa sainaidi, zikiongezeka Geita, Kahama na Chunya, zebaki itajifia yenyewe. Nimefundisha kemia sekondari miaka 26, na baada ya kustaafu nikakaa miaka miwili kwenye plenti moja ya uchenjuaji, kazi yangu kupima maji ya matangi. Aya ile ikichukuliwa kama ilivyo, itaumiza watu.

Tuanze karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Mchimbaji analeta viroba vyake vya mawe, yanasagwa, unga unachanganywa na maji na kupitishwa kwenye mwalo, yaani ubao wa mteremko uliotandikwa magunia. Dhahabu ni nzito, kwa hiyo inanasa kwenye magunia. Mchanga mwepesi unateremka na kurundikana chini. Magunia yanakung'utwa ndani ya beseni, unabaki mchanga mweusi, mzito, na hapo ndipo zebaki inapomiminwa. Mtu anakoroga kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikumbatie chembe za dhahabu. Kisha anakamua kwa kitambaa. Zebaki ya ziada inachuruzika, linabaki donge la kijivu, laini kama udongo wa kufinyanga. Donge likiwekwa juu ya mkaa, zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 na kuruka. Dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064, kwa hiyo inabaki pale pale kwenye kibati.

Mwaka juzi nilimkuta mwanafunzi wangu wa zamani akichoma donge nyuma ya jiko lake, mtoto mgongoni. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "usihofu, nimekaa upande unakotoka upepo." Alikuwa akijihadhari na moshi anaouona. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, na upepo wa uani hauna upande mmoja. Darasani nilimfundisha jedwali la elementi, zebaki namba 80, dhahabu namba 79. Hili la mvuke sikumfundisha, maana halikuwa kwenye mtihani.

Sasa hesabu ya mfukoni, ambayo makala yenu haikuigusa. Zebaki hukamata dhahabu ile tu inayoweza kuigusa. Iliyojificha ndani ya punje za jiwe, na ile laini kama vumbi, inapita. Mara nyingi kinachopatikana hakifiki nusu ya kilichokuwemo. Kinachobaki kiko kwenye marudio, yaani lile lundo la mchanga ulioteremka, na sehemu nyingi marudio ni mali ya mwenye karasha, kama malipo ya kusaga. Yaani mchimbaji anashika sumu kwa mikono yake, anaondoka na kidogo, kingi anamwachia mwingine. Na ule mchanga mweusi wa kwenye beseni, baada ya kukamuliwa, unatupwa juu ya lundo lile lile ukiwa na vitone vya zebaki visivyoonekana kwa macho.

Hapo plenti inakuja kununua lundo. Makala yenu inaishia hapa kwa furaha. Wasiwasi wangu unaanzia hapa.

Sainaidi, ikipata hewa, inayeyusha dhahabu. Lakini haichagui. Inayeyusha fedha, inayeyusha shaba, na inayeyusha zebaki pia. Zebaki iliyokuwa kitone kizito kimelala mchangani sasa imo ndani ya maji. Nyingine inadakwa na kaboni, mkaa maalumu wa kunasia dhahabu, pamoja na dhahabu yenyewe, inakwenda nayo kwenye eluusheni, ambako dhahabu inaoshwa kutoka kwenye kaboni, na mwisho inafika tanuruni, ambako mchomaji anafungua kifuniko na kuvuta pumzi. Nyingine inabaki kwenye maji ya bwawa la mabaki. Bwawa likivuja au mvua ikilifurisha, inafuata bonde mpaka mtoni na ziwani. Kwenye tope bakteria huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, ile inayopanda kutoka mdudu hadi dagaa, kutoka dagaa hadi sangara, na kwa sangara mnajua inafika wapi. Watu wa Minamata, Japani, waliogunduliwa mwaka 1956 kuwa na ugonjwa wa zebaki hii hawakuwahi kushika zebaki. Walikula samaki.

Nisieleweke vibaya. Sainaidi siipingi. Njia hii ilivumbuliwa Glasgow mwaka 1887 na ndiyo inayotumiwa na migodi mikubwa hadi leo, kwa sababu inatoa dhahabu ambayo zebaki haiwezi kuifikia. Tena sainaidi si mgeni kwetu: muhogo mchungu unayo, na ndiyo maana mama zetu wanauloweka na kuuanika kabla ya kuutwanga. Jua, hewa na siku kadhaa huivunja, kwa kuwa ni kaboni na naitrojeni zilizoshikana, na kilichoshikana huachana. Zebaki ni elementi. Ukiichoma inaruka, ukiiyeyusha inajificha, ukiizika inangoja. Haivunjiki ikawa kitu kingine.

Ila sainaidi nayo inataka adabu. Maji ya tangi lazima yawe na chokaa ya kutosha, pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, iwe 10 na nusu hivi. Ikishuka hadi 9 na ushee, karibu nusu ya sainaidi inageuka kuwa asidi inayotoroka hewani kama gesi ya sumu. Pale nilipofanya kazi chokaa iliwahi kutuishia saa nne usiku, na msimamizi akasema tuendelee hadi lori lifike asubuhi. Kikaratasi changu cha kupimia kilikuwa kinabadilika rangi kila saa. Nilipoanza kusikia kichwa kikigonga niliwatoa vijana wawili nje, tukakaa juu ya viroba mpaka kukapambazuka. Nilikatwa siku mbili za mshahara kwa kuacha zamu.

Nirudi kwenye hoja. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika Agosti 2017, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka nchi zenye wachimbaji wadogo ziondoe vitendo vinne: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma donge wazi wazi, kulichoma penye makazi, na cha nne ndicho ninachokililia, kutia sainaidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Vitatu vya mwanzo vinasemwa sana kwenye semina. Hicho cha nne nimekisikia mara moja tu, kwenye semina ambayo wenye plenti hawakualikwa.

Kinachoniudhi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kutoka nje. Mchanga mweusi wa kwenye beseni ni kidogo ukilinganisha na lundo, debe moja au mawili kwa siku. Usirudishwe kwenye lundo. Uwekwe kwenye pipa lenye maji na kifuniko, peke yake. Tayari lundo la plenti litakuwa limepunguziwa zebaki nyingi.

Kuhusu kuchoma, kuna bomba la chuma lililofungwa, ambalo mvuke unapita ndani yake, unapoa na kurudi kuwa zebaki ya kutumia tena. Fundi yeyote wa kuchomelea analitengeneza. Wachimbaji wanalikwepa kwa sababu mbili nilizozisikia kwa masikio yangu: dhahabu ikiwa ndani hawaioni, na mwenzako anaweza kusema imepungua, pia inatoka imefubaa, na mnunuzi anaishusha bei. Ya kwanza ni ya kuaminiana, siiwezi. Ya pili ilikuwa na maana zamani za kuuza kwa dalali barazani. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, dhahabu inapimwa kwa mashine, na mashine haidanganywi na rangi. Hilo mchimbaji aambiwe na ofisa wa soko mwenyewe, siyo na mwalimu mstaafu.

Naomba basi mwandishi wenu afuatilie makala yake kwa swali moja. Aende plenti tatu, zozote, aulize: haya marudio mnayonunua, kuna anayeyapima zebaki kabla hayajaingia tangini? Akitaka mwenyeji nipo, asubuhi ndiyo nzuri kabla jua halijawa kali. Aje na viatu vya mpira.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Geita