Sheria ndogo ziandikwe pale getini, tumechoka kuambiwa ziko ofisini

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu watoto wangu wako shule ya msingi na sasa hivi wana watoto wao, sijawahi kuandika hata siku moja. Ila ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya mkurugenzi wa halmashauri kusema mapato yameshuka sababu wakulima tunakwepa ushuru wa mazao na kupita njia za panya usiku, imenikaba kooni mpaka leo. Mmeandika aliyosema yeye, mkaweka na ya afisa mapato, habari ikaishia hapo. Mkulima hakuulizwa hata mmoja.

Mimi sijawahi kupita njia ya panya. Mwezi wa saba nilienda kijijini kwa mama kuchukua mahindi, gunia sita, wala sio lumbesa zile za kujazwa kupita kipimo, ya kula kwangu na kwa mdogo wangu. Nikakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mpakani mwa wilaya ile na hii yetu kuna geti, yaani mti mrefu umelazwa juu ya panda mbili na kwenye ncha wamefunga jiwe kwa kamba ya katani, vijana wawili wamekaa kivulini, mmoja amening'iniza shingoni mashine ya POS, ile ya kukatia risiti za ushuru. Hakushika hata gunia moja. Akachungulia nyuma ya gari, akasema mama hapa ni 18,000, elfu tatu kila gunia.

Nikamwambia mwanangu, mzigo huu haufiki tani moja, ushuru haunihusu. Hilo sikulitoa kichwani kwangu. Bajeti ya Juni 2017, Dkt. Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha, ilitangazwa wazi kwamba ushuru wa mazao unashuka kutoka asilimia 5, mazao ya biashara iwe 3 na ya chakula iwe 2, na mkulima anayesafirisha mazao yake yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe kabisa. Nakumbuka maana nilikuwa nachambua maharage huku redio iko wazi, nikaacha ungo nikaenda kumwambia mume wangu. Gunia sita za kilo mia ni kilo 600, hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba tani bado iko mbali.

Kijana akanijibu, "Mama hayo ni ya bungeni, sisi hapa tuna sheria ndogo." Nikasema sawa, naomba niione. Iko ofisini. Ina namba gani basi, ilitangazwa lini? Akamwangalia mwenzie. Mwenzie akaangalia barabara. Tumekaa pale karibu saa nzima, jua linashuka, dereva ananiambia mama lipa tu twende mimi nina safari nyingine, nikalipa. Mashine ikatoa kikaratasi, nimefika nyumbani nimevaa miwani nikakisoma, kimeandikwa ADA YA STENDI. Stendi! Mimi na mahindi yangu tumeingia stendi gani? Hicho kikaratasi nilikiweka kwenye Biblia nikijua ni ushahidi. Juzi nimekifungua baada ya kusoma habari yenu, kimefutika chote kimebaki cheupe, limebaki vumbi la wino kwenye kona. Sasa nikisema nililipa nani ataniamini, na nikiulizwa ile hela iliingia kwenye mfuko gani nitaonyesha nini? Ripoti za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeshataja mara nyingi tu makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki, tunasikia kila mwaka wakati wa bunge, alafu anayeitwa mkwepaji ni mama mwenye gunia sita.

Nikasema hapana, hii sheria ndogo lazima niione kwa macho yangu. Nikaenda kwa mtendaji wa kata, akaniambia hana nakala, ila anajua ipo. Nikapanda gari hadi halmashauri, nauli kwenda na kurudi hela yangu, mwanasheria yuko kwenye kikao, njoo Alhamisi. Alhamisi nikaja. Nikakaa kwenye benchi toka saa tatu asubuhi hadi saa saba, mhudumu mmoja akanionea huruma akaingia chumba cha pili akanitolea fotokopi, ukurasa wa kwanza hauna, yaani pale penye jina na namba ya tangazo la serikali ndo pamechanika, na ndani kwenye jedwali mazao yote yameandikwa asilimia tano. Tano ile ile ya zamani! Nikamuuliza yule binti mhudumu, mwanangu, hii mbona ilishabadilishwa, akasema kwa upole tu, shangazi hiyo hiyo ndo tunayotumia. Simlaumu yule binti, kachapa alichopewa. Lakini sheria ndogo haiwezi kushindana na sheria mama, hilo halihitaji wakili, Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo nzima kwa ajili ya kukagua mambo hayo, sasa ile fotokopi imewapita vipi watu wote hao ikafika mpaka kwenye lile geti ikiwa na asilimia tano yake? Na kama haijapita popote, nyie wa halmashauri mnatoza kwa idhini ya nani?

Tena zinavyotungwa zinajulikana. Halmashauri inatakiwa kutangaza kusudio, wananchi tuione rasimu tutoe maoni au pingamizi, madiwani wapitishe, iende kwa waziri wa TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, aidhinishe, itoke kwenye Gazeti la Serikali. Mama yangu ana miaka 76, hakosi mkutano, na anasema hajawahi kusomewa rasimu ya kitu chochote. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, wa mwisho yeye kuuona ulikuwa umejaa fulana za kampeni. Baba yetu alikuwa akilala porini mgambo wakija na kodi ya kichwa, ile iliyofutwa 2003, na ilipofutwa kijiji kizima kilijua siku hiyo hiyo maana hakuna mgambo aliyethubutu kurudi. Hii ya tani moja imefutwa pia, lakini mti bado umelazwa barabarani.

Na huku mjini mtaani kwetu ni yale yale. Ada ya taka 2,000 kila nyumba kila mwezi, kijana anakuja na kitabu tarehe mbili hachelewi, gari la taka lenyewe limekuja mara moja tangu Pasaka. Jirani yangu mama lishe akachoma maganda yake uani yasinuke mbele ya wateja, wakamjia wanne wanasema kavunja sheria ndogo ya usafi, wakabeba sufuria lake la wali likiwa la moto. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeona wali unamwagika kwenye mtaro.

Nina ombi moja tu kwa mkurugenzi na naomba mlichapishe lisikatwe. Kila geti liwekwe bati moja, lile la futi nane, lipakwe rangi nyeupe, liandikwe kwa rangi nyeusi ya mafuta herufi kubwa kama kiganja: jina la sheria ndogo, namba yake ya tangazo, kiwango cha kila zao, na mstari wa mwisho uandikwe MZIGO WA MKULIMA USIOZIDI TANI MOJA HAUTOZWI. Chini yake mizani. Fundi wa kuandika tunaye hapa mtaani, ndo anayeandika vibao vya saluni zote. Kama bajeti hakuna, bati la kwanza natoa mimi, ninalo limeegeshwa nyuma ya choo lilibaki tulipoezeka.

Kwa mama zimebaki gunia nne, zimeshawekwa dawa, nazishusha mwezi ujao tarehe za mwanzoni. Nitapita geti lile lile, mchana. Naomba mwandishi wako aliyeandika ile habari aje tupande wote kirikuu, nafasi iko mbele pembeni ya dereva. Mimi nitakaa nyuma na mahindi.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mkulima, Kanda ya Kati