Anatomia irudi wodini

Mhariri,

Tukikaa madaktari wa makamo, wimbo ni uleule: vijana wa siku hizi hawajui anatomia, yaani elimu ya maumbile ya mwili. Naomba nafasi kidogo niwatetee, ingawa huo wimbo na mimi nimeuimba sana.

Hivi karibuni tulimlaza mzee mmoja, mvuvi, ana uvimbe wa korodani mkubwa kama dafu. Kwa Tanga si ajabu. Matende na mabusha tumekua tukiyaona, na mbu wake wangali wanazaliana vyooni na mitaroni mwetu. Nikampa mwanafunzi wa mwaka wa nne amkague. Akaamkia, "Shikamoo babu." Mzee akaitika marahaba, kisha akamuuliza, "Haya mwanangu, mshipa huu mnautoa leo au kesho?"

Kijana alikuwa hodari wa kutaja. Matabaka ya mfuko wa korodani aliyapanga moja baada ya jingine, kwa Kilatini, bila kukosea. Tukavuta pazia, akawasha tochi ya simu na kuibana nyuma ya uvimbe. Mwanga haukupita. "Ni ngiri, daktari," akasema, kwa kuwa amesoma kwamba busha ni maji, na maji hupitisha mwanga.

Nikamwambia azime tochi, atumie vidole. Panda juu ya uvimbe, kati ya dole gumba na shahada, unashika nini? Akapapasa, akanyamaza, uso ukambadilika. Alikuwa ameishika kamba ya korodani, nyembamba, haina kitu kingine. Uvimbe uliishia chini yake. Ingekuwa ngiri iliyoshuka toka tumboni kupitia kinenani, vidole visingeupata mwisho wake wa juu. Lile lilikuwa busha la miaka mingi, kuta zake zimekomaa hata mwanga umeshindwa.

Hapo ndipo yakamrudia yenyewe, wala sikumsaidia: kwamba mtoto wa kiume angali tumboni mwa mama, korodani zake huteremka na kuburuta kipande cha utando wa tumbo; kwamba njia ile ikiziba, kinachobaki chini ndicho kifuko kinachokuja kujaa maji ya busha; isipoziba, ni mlango wa ngiri. Yote hayo aliyasoma zamani, akayajibu kwenye mtihani, akayafungia.

Na hilo neno la mzee, mshipa, ni mtihani mwingine. Kwetu vena irudishayo damu moyoni ni mshipa, ateri iitoayo moyoni ni mshipa, neva ya fahamu ni mshipa, na ngiri na busha pia ni mshipa. Aliyekariri Kilatini tupu akiambiwa "mshipa wanivuta" ataanzia wapi?

Nami sina pa kujificha. Nikiwa kwenye mwaka wa mafunzo ya vitendo, nilimsaidia daktari bingwa kutoa kizazi. Akasimamisha mkono, akaniuliza mrija wa mkojo, ule utokao kwenye figo kwenda kibofuni, unapita wapi. Anatomia nilikuwa nimefaulu vizuri tu, lakini nilibaki nikitazama glavu zangu. Unapita chini ya ateri ya kizazi, palepale mtu anapotaka kufunga uzi. Akaugusa kwa ncha ya koleo, ukajinyonganyonga kama mnyoo. Tangu siku ile sijausahau.

Kosa, kwa maoni yangu, ni la mpangilio. Shahada ya udaktari ni miaka mitano. Anatomia tunaimaliza miaka miwili ya mwanzo, halafu tunaitaka ikae ikingoja kama nguo ya sikukuu. Mwanafunzi anafika kwenye upasuaji hajaulizwa habari zake muda mrefu, na anayemuuliza anamuuliza kwa kumkebehi mbele ya wenzake.

Sisi hapa tumeanza jambo dogo. Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, mwanafunzi anachora kwa kalamu kile kisu kitakachokutana nacho, toka ngozi kwenda ndani, na asubuhi anakuja na mchoro wake. Ukikosewa, tunausahihisha wakati mgonjwa yuko wazi mbele yetu. Haligharimu chochote zaidi ya karatasi. Ningependa vyuo viliweke na kwenye mtihani wa wodini, lihesabiwe alama, na walimu wa anatomia nao washuke wodini mara mojamoja; baadhi yao hawajamshika mgonjwa siku nyingi.

Wanafunzi watakaokuja kwetu Jumatatu, swali la kwanza nawapa mapema: juu ya uvimbe unashika nini?

Daktari wa upasuaji,
Chumbageni, Tanga