Kikao cha Jumamosi kimehamishiwa Lower Kabete

Wanakikundi wapendwa, salaam. Kikao cha Jumamosi sasa kitafanyika Lower Kabete, saa nne kamili asubuhi. Tutachambua jinsi benki ya KCB ilivyoinunua National Bank of Kenya mwaka 2019 kwa kubadilishana hisa, moja ya KCB kwa kumi za National, na kujiuliza kama uwiano huo ulitokana na thamani halisi ya benki hiyo au na upungufu wake wa mtaji. Binafsi naegemea la pili.

1. Kila mmoja aje na bei za hisa za benki hizo kabla na baada ya tangazo la Aprili 2019.
2. Mchango wa nakala na chai, shilingi 300, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia kesho usiku, kwani viti ni 12 tu.